Masika ya Pikipiki Nyekundu

Jumapili, 1 Machi
Pikipiki yangu ya zamani imekufa. Fundi Taratibu, tunayemwita hivyo kwa sababu hajawahi kumaliza kazi siku aliyoahidi, aliifungua injini, akachungulia ndani, akaifunika tena kwa kitambaa kama anayefunika maiti. "Bibi Mifugo," akaniambia, "hii kaizike. Kuchimba nitakusaidia."

Mvua zinanusa mlangoni, na kwenye vilima vyote hivi mganga wa mifugo ni mimi peke yangu. Masika yakishika, magari hayapandi huko juu. Ng'ombe wa huko huugua bila kuuliza hali ya barabara.

Nimeanza kuandika humu kwa sababu mume wangu amechoka kusikia habari za pikipiki. Ni seremala, mtu wa maneno machache. Amesema niiambie karatasi.

Jumatano, 4 Machi
Nimekwenda kuangalia pikipiki iliyotumika, ya Mjapani, jina kubwa. Muuzaji anaapa ilikuwa ya mchungaji aliyeiendesha Jumapili tu. Kila pikipiki inayouzwa ilikuwa ya mchungaji. Huyu wa leo basi alikuwa akihubiri mtaroni, maana usukani umepinda na moshi unatoka bluu.

Kwa bei hiyohiyo, dukani kuna mpya ya Mchina. Nyekundu, miguu mirefu, matairi yenye meno, ya kwenda barabarani na porini vilevile. Watu wote niliowauliza wameniambia nisithubutu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuwa nayo.

Jumamosi, 7 Machi
Nimenunua.

Kijana wa dukani aliniuliza, "Mama, hii unamnunulia baba?" Nikamwambia baba anaogopa hata baiskeli. Nikapanda. Kiti kiko juu kama dari, miguu yangu ikaning'inia, vidole vikagusa chini kidogo tu, kisha vikaacha kugusa. Nilianguka pale pale mlangoni, pikipiki ikiwa imesimama na injini imezimwa.

Mama mkwe alikuwa ukumbini niliporudi. Anaishi nasi tangu baba mkwe alipofariki. Ana kisukari, hujichoma sindano asubuhi na jioni, na katikati ya sindano hizo hutusimamia sote. Alizunguka ile pikipiki akiwa ameshika kiuno.
"Umenunua mbuzi wa bati," akasema.
"Ni pikipiki, mama."
"Na utaipandaje? Mwanamke mzima, mguu huku, mguu kule!"
"Hivyo hivyo, mama. Ukiweka miguu yote upande mmoja inaanguka."
Mume wangu akaenda kuchukua maji ambayo hakuwa na kiu nayo.

Jumatatu, 9 Machi
Fundi Taratibu ameniambia nisiipeleke popote kabla ya kuifungua yote na kuifunga upya. "Hizi zinafungwa haraka haraka. Ukiziendesha zilivyo, utakuwa unaacha nati njiani kama mtu anayepanda mahindi." Nimekaa chini kwenye gereji yake siku nzima. Nati moja moja: fungua, tia gundi, kaza. Tumebadilisha mnyororo, plagi na tyubu za ndani. Ameshusha shokabsoba ya nyuma mpaka miguu yangu ikafika chini. Yeye alikunywa chai na kunielekeza kwa kidole.

Nina mafuta mpaka kwenye nyusi. Nimefurahi kama mjinga.

Alhamisi, 12 Machi
Gia ya kwanza ni ngumu kuingia kama mama mkwe kabla ya chai. Nimeandika tu, sijasema.

Jumanne, 17 Machi
Mvua ya kwanza. Nimepanda mpaka mashamba ya juu. Pale kwenye mteremko wa udongo mwekundu ambapo kila mwaka nilishuka na kusukuma, leo nimesimama kwenye vikanyagio na pikipiki ikapanda yenyewe, polepole, ikinguruma kama inayojisemea jambo. Nimemzalisha ng'ombe ndama aliyekuja kwa miguu ya nyuma, mama na mtoto wazima. Mwenye ng'ombe ameniuliza pikipiki ni ya nchi gani. Nilipomwambia akacheka. Nikamwambia basi mwakani umngoje mganga anayekuja na ya Mjapani.

Ijumaa, 20 Machi
Maji yameingia kwenye swichi ya honi. Imelia yenyewe kutoka sokoni mpaka nyumbani bila kupumua. Watu walidhani ni harusi, wakanipungia mikono.

Jumamosi, 28 Machi
Siku mbaya. Nilirudi nimechelewa, nimelowa, na goti limechubuka kwa sababu niliteleza kwenye kivuko. Mama mkwe hakuniuliza lolote. Alimgeukia mwanawe mbele yangu.
"Mke wako anataka kukufanya mgane. Siku moja wataniletea viatu vyake tu. Na wewe unapiga randa!"
Nikasema nimechoka kusemwa ndani ya nyumba yangu.
"Nyumba yako?" akasema. "Haya. Nakwenda kwa binti yangu. Kule hakuna kelele za mabati."

Binti yake ndiye wifi yangu, anaishi ng'ambo ya mto, juu, na ana ng'ombe watatu wa maziwa. Hatujawahi kugombana, ila siku niliyopita kwake na pikipiki alisimama mlangoni amekunja mikono, akaitazama mpaka nikaona aibu. Najua kicheko cha mtu asiyecheka.

Gari la maziwa limemchukua mama jioni hiihii. Mume wangu alimbebea mfuko mpaka barabarani, akarudi, akaendelea na kiti anachokitengeneza. Hakunitetea, wala hakumtetea yeye. Leo nimemchukia kidogo kwa ukimya wake.

Ijumaa, 3 Aprili
Mvua.

Jumatatu, 6 Aprili
Mvua. Kuku wamehamia jikoni.

Jumatano, 8 Aprili
Mvua. Kila siku natoka na kurudi. Taa ya nyuma imepasuka, kioo cha kushoto kimelegea. Mengine yote yako imara. Nashangaa jinsi nati zinavyokaa. Fundi Taratibu alisema nizikaze kila wiki, nami kwa uchovu sijakaza hata mara moja.

Jumamosi, 11 Aprili
Daraja limekwenda. Mto ulishuka na magogo alfajiri, na kufikia saa tatu asubuhi kulikuwa na nguzo mbili tu zimesimama katikati ya maji. Simu za upande wa pili hazipatikani, mnara wao umezima.

Mume wangu ameingia chumbani kwa mama yake, akafungua friji ndogo ya dawa. "Alichukua chupa moja," akasema. "Alikuwa arudi kliniki juzi Alhamisi."

Jumanne, 14 Aprili
Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali. Nataka kuandika leo, kabla sijaanza kuyapamba.

Jana asubuhi mchuuzi mmoja wa mkaa aliyezunguka kwa miguu kupitia msituni usiku kucha alifika karakana kwa mume wangu. Alikuwa ametumwa na wifi. Mama dawa imemwishia, alisema. Anakunywa maji hayakati kiu, tangu Jumapili asubuhi anatapika, na akiitwa anajibu baadaye.

Tulikimbilia kliniki ya hospitali. Muuguzi, mama mmoja mkali ambaye huwa ananikaripia kwa sababu ya kucha zangu, safari hii hakukaripia mtu. Alinipa dawa, sindano, na kipande cha karatasi chenye kipimo cha kumchoma nikifika. "Halafu mlete," akasema. "Sindano hiyo ni ya kumfikisha hapa tu. Anahitaji maji ya mshipani. Usikae kule ukisubiri apate nafuu."

Njia ni ile ya msituni waliyokuwa wakipitisha magogo zamani. Magari hayapiti tena. Mume wangu akasema anakwenda kwa miguu. Nikamwambia kwa miguu utafika jioni, halafu utambeba mama yako mgongoni na goti lako hilo bovu? Alinyamaza. Nikadhani ni ukimya wake wa siku zote. Kisha akasema, "Nenda wewe. Unaiweza." Akanifungia kamba za kasha la barafu, lile ninalobebea chanjo, dawa ikiwa ndani, na mikono yake haikuwa na haraka. Muda wote wa safari nilikuwa nikilisikia lile neno, unaiweza.

Mpaka ukingo wa msitu ilikuwa tope la kawaida. Ndani ya msitu njia yenyewe ilikuwa mto. Nilikwenda gia ya pili, miguu nje, nikijikwamua kwa visigino. Nilianguka mara ya kwanza kwenye mzizi, mara ya pili sijui kwenye nini. Kila mara niliangalia kasha kabla sijajiangalia mimi.

Kwenye mpando mrefu nilitaka kubadilisha gia, mguu ukakanyaga hewa. Injini ikazima. Nilitazama chini: pedeli ya gia haipo. Bolti yake imelegea, imeanguka, na pedeli ikaifuata.

Nilikaa kwenye tope nikalia. Sitasema uongo. Maneno yote ya watu yalikuja, Mchina, bati, atakuacha porini, na sauti iliyoyasema ilikuwa ya mama mkwe mwenyewe, ambaye wakati huo alikuwa amelala huko juu akisahau kujibu.

Kisha nikashuka njia nikitafuta. Pedeli niliipata kwenye dimbwi kwa kupapasa, kama ninavyomtafuta ndama tumboni. Bolti sikuipata. Kwenye mkoba wangu nina waya wa kukatia pembe za ng'ombe, waya mgumu uliosokotwa. Niliurudisha ule mguu wa chuma mahali pake, nikapitisha waya kwenye tundu la bolti, nikauzungusha, nikausokota kwa koleo mpaka kiganja kikachubuka. Nilipoimwagia maji kuosha tope nikaona jambo. Kwenye kila nati ya pikipiki ile, zote, kulikuwa na mstari mdogo wa rangi nyeupe uliotoka kwenye nati ukaingia kwenye chuma cha pembeni. Mstari ukikatika, unajua nati imezunguka. Ni pale pa bolti ya gia tu ambapo chuma hakikuwa na alama. Sikuwa na wakati wa kujiuliza ni nani aliyezitia. Nikapiga teke, injini ikawaka.

Wifi alikuwa nje aliposikia mlio. Hakuwa amekunja mikono. Alinishika mabega yote mawili. Magoti yake yalikuwa meusi kwa michubuko na mguu mmoja umefungwa kitambaa. Nilimuuliza, akasema jana yake alijaribu kuvuka mto pale darajani, maji yakamfika kifuani, gogo likampiga, akarudi. "Nilitaka kukufikia wewe," akasema. "Nilijua ukipata habari utakuja na ile."

Mama alikuwa amelala ubavu. Midomo imekauka, anapumua haraka haraka kama aliyekimbia. Nilisoma karatasi mara mbili, nikamchoma. Nimechoma maelfu ya wanyama, lakini kwa ngozi ile laini ya tumbo lake niliisukuma sindano polepole kama ndiyo ya kwanza.

Tulimkalisha nyuma yangu. Wifi akatufunga pamoja kwa shuka, kifuani na kiunoni, fundo mbele yangu, kama mama anavyomfunga mtoto, ila mtoto huyu ni mzito kuliko mimi. Mpaka kileleni wifi alisukuma kutoka nyuma kwa mguu wake ule mbovu, tope likimrukia usoni, akipiga kelele, "Twende! Twende!" Kileleni aliachia. "Nenda, wifi yangu. Mimi nitafuata kwa miguu." Nilimwona kwenye kioo kimoja kilichobaki, amekaa chini katikati ya njia.

Kuteremka ndiko kulikonitisha. Mama alikuwa akinung'unika mgongoni kwangu: kiti kigumu, tawi limempiga, mbona unakwenda kama umeiba. Nilimwomba Mungu aendelee kulalamika. Halafu akanyamaza. Kichwa chake kikanilemea begani.
"Mama!"
Kimya.
"Mama, nilikuwa nasema hivi, pikipiki hii ni bora kuliko ng'ombe wote wa binti yako!"
Kimya. Njia ilikuwa ikiteleza, sikuweza kugeuka. Nilikuwa tayari nimeanza kulia tena aliposema, kwa sauti kavu, neno moja moja:
"Ng'ombe... wana... breki."
Nilicheka kwa sauti kubwa mpaka ndege wakaruka. Kutoka pale nilimchokoza njia nzima. Nilimtukania mchuzi wake, nikamwambia mwanawe ana masikio makubwa. Alijibu yote, moja baada ya jingine, kwa kuchelewa.

Tulitoka msituni jua likiwa bado lipo. Mume wangu alikuwa kwenye lango la hospitali. Alikata shuka kwa kisu cha karakana, akambeba mama yake mikononi, goti lake bovu na yote.

Jumatano, 15 Aprili
Mama ana mipira miwili ya dripu mkononi. Daktari amesema angechelewa hata kwa usiku ule mmoja, tungekuwa tunazungumza mengine. Sasa anazungumza haya: atapona.

Nimelala sakafuni pembeni ya kitanda chake. Sijawahi kulala vizuri namna ile.

Alhamisi, 16 Aprili
Wifi amefika, miguu imevimba. Mama amefungua macho, amemtazama, akasema, "Na ng'ombe umewaachia nani?" Tumecheka mpaka muuguzi akaja kutunyamazisha.

Ijumaa, 17 Aprili
Nimempelekea Fundi Taratibu ile pedeli. Aligeuzageuza waya wangu kwa heshima, kisha akasema ni kazi mbaya sana na hataki mtu ajue imetoka gereji yake. Nikamuuliza kuhusu rangi nyeupe kwenye nati. Akasema si yeye.

Nilipofika nyumbani nilikwenda karakana. Kopo dogo la rangi nyeupe lilikuwa rafuni, brashi nyembamba juu yake.
"Ni wewe," nikasema.
Mume wangu aliendelea kupiga msasa. "Fundi alisema zikazwe kila wiki. Wewe unarudi umechoka."
"Kila wiki?"
"Kila asubuhi, kabla hujaamka." Akasimamisha mkono. "Ile ya gia nilidhani ni ya ndani ya injini. Niliogopa kuigusa. Tangu uliponiambia, silali."

Na mimi nilikuwa nimeandika humu kwamba ninamchukia kidogo. Nimesoma mstari ule tena. Nimeuacha, ili nikumbuke. Kisha nilimshika masikio yake makubwa, nikamwambia mstari mmoja uliokosekana si neno.

Jumatatu, 20 Aprili
Mvua. Ndama watatu.

Jumamosi, 25 Aprili
Mama ametoka hospitali, kwa gari, amevaa gauni lake la ibada. Jioni tulibaki wawili ukumbini. Alikuwa anavunjavunja kipande cha mkate bila kukila.
"Ile siku ya goti," akaanza. "Nilikuwa nimekaa mlangoni tangu saa kumi. Kila mlio nasema ni yeye, sio. Ulipoingia na damu nikasema yale niliyosema." Akafuta makombo mapajani. "Nilikuwa naogopa. Nikiogopa nakuwa mbaya. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa anajua. Wewe hukuwa unajua."
Nikamwambia sasa najua.
"Basi," akasema. "Na mchuzi wangu usiutukane tena."

Jumanne, 5 Mei
Mvua zinapungua. Leo imenyesha asubuhi tu, kama mgeni anayetafuta viatu vyake ili aondoke.

Jumamosi, 16 Mei
Wifi ameshuka kwa njia ya msituni. Amezunguka pikipiki yangu amekunja mikono kifuani, vile vile kama siku ile, uso umekaza. Kisha akauliza, "Nikitaka kama hii nianzie wapi?"
Kumbe ule ndio uso wake wa kutamani kitu! Nilikuwa nimeusoma vibaya kwa miezi miwili.
Tulikwenda dukani pamoja. Nilimwonyesha: zungusha magurudumu uangalie kama yanayumba, piga spoku kwa kijiti usikilize kama zinalia sawa, uliza vipuri vinapatikana wapi kabla hujauliza rangi, na yule anayekwambia haiharibiki usinunue kwake. Kijana alimuuliza kama anamnunulia baba. Tulimtazama wote wawili mpaka akaenda kutafuta ufunguo.

Jumapili, 17 Mei
Wifi ameanguka mlangoni pa duka, injini imezimwa. Nimefurahi kupita kiasi.

Alhamisi, 28 Mei
Daraja jipya limefunguliwa. Ni mbao, lakini mume wangu amelikagua, amelipiga nyundo kila ubao, ameridhika.

Jumapili, 31 Mei
Jua siku nzima. Ijumaa mama alikuwa na kliniki. Mwanawe alitaka kukodi gari, mama akasema gari linamtia kichefuchefu, atakwenda na mkwe wake. Basi tukaenda, yeye amevaa kofia ngumu iliyomkaa kama sufuria. Vipimo vyake vimetulia. Muuguzi yule mkali alimsifu, kisha akazikaripia kucha zangu, nikajua dunia imerudi mahali pake.

Wakati wa kurudi joto lilikuwa jingi na barabara kavu. Nilisikia uzito wa kichwa chake ukitua polepole katikati ya mgongo wangu, na pumzi yake ndefu, ya mtu aliyeshiba. Amelala. Niliegesha chini ya baraza la duka lililofungwa, nikazima injini, nikaweka miguu yote miwili chini. Watu walipita wakitutazama, mmoja akauliza kama tumeharibikiwa. Nilijiwekea kidole mdomoni ili anyamaze. Nikakaa pale, mgongo wima, mpaka alipoamka mwenyewe.